Ukikabidhiwa matangazo ya kampuni nne za kubeti kwa mpigo

Nimesimamia matangazo ya mtandaoni ya kampuni za kubeti kwa miaka sita hapa Dar es Salaam. Kwa muda mrefu nilikuwa na kampuni nne mkononi, zote zikigombea vijana wale wale wanaopanga mikeka, yaani orodha za mechi wanazobetia, Ijumaa jioni. Kama umeanza kazi hii juzi, utadhani ugumu uko kwenye kutengeneza tangazo. Tangazo ni rahisi. Kinachoumiza kichwa ni kutochanganya.

Jumamosi moja nilinakili kampeni ya mteja mmoja ili niokoe muda, nikabadili picha na maneno, nikasahau linki. Kwa saa tatu tangazo la kampuni ya kwanza liliwapeleka watu kwenye tovuti ya kampuni ya pili, na bonasi waliyoahidiwa huko haikuwepo. Watu walijisajili, wakaweka hela, wakaanza kupiga simu kudai. Tangu siku hiyo sinakili chochote kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine. Kila mmoja ana akaunti yake ya matangazo, kadi yake ya malipo na folda yake ya picha. Jina la kampeni huanza na kampuni, kisha nchi, ligi na tarehe. Kabla ya kuwasha, nafungua linki kwenye simu ya bei ya chini yenye bando la kawaida, maana ndiyo simu aliyonayo mteja wetu.

Namba za wateja wa kampuni moja usizitumie kwa ajili ya nyingine, hata bosi akuombe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, huo ni wizi.

Nchi nazo zitenge. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi ya Kenya ilisimamisha matangazo ya michezo ya kubahatisha kwa siku 30, kwenye redio, televisheni, mabango na mitandao ya kijamii. Aliyekuwa amezichanganya Kenya na Tanzania kwenye kampeni moja alilazimika kuzima zote au kukaa usiku kucha akizipasua. Leseni pia huenda kwa nchi, na vibali vya Google vya kutangaza kamari ni hivyo hivyo. Omba kuona leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kabla hujagusa bajeti. Usiridhike na maneno ya mdomo.

Kalenda ya mechi ndiyo bosi wako wa kweli. Mechi ya Uingereza ya saa tisa alasiri kwao, kwetu ni saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi yao. Wakisogeza saa zao mwishoni mwa Machi, inakuwa saa kumi na moja. Ukisahau, tangazo la "bado saa moja" linatoka mpira umeshaanza. Na mechi huahirishwa: Machi 8, 2025 dabi ya Simba na Yanga iliahirishwa siku ile ile, ikaja kuchezwa Juni 25. Nilikuwa na matangazo ya wateja watatu hewani, na sikuwa na tangazo la akiba hata moja. Siku hizi kila tangazo la mechi lina mwenzake lisilotaja mechi yoyote, limeshaidhinishwa, linasubiri. Jua pia kwamba Google inaweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti uliyoweka kwa siku, ikafidia siku nyingine za mwezi. Mwambie mteja mapema, asije akaliona Jumapili asubuhi akadhani umemwibia.

Sasa jambo linaloninyima usingizi kuliko yote. Mfumo wa matangazo hutafuta unachouambia utafute. Mteja mmoja alitaka tuuelekeze kwa watu wanaoweka fedha nyingi zaidi. Baada ya wiki chache namba zilipendeza, tukapongezana. Kisha nikapanga ripoti kwa saa. Fedha nyingi ziliingia saa nane usiku, mechi za Ulaya zimekwisha, kutoka kwa watu wale wale, mara tano, mara sita kwa usiku mmoja. Mkeka umechanika na mtu anajaribu kurudisha hela yake. Tulikuwa tumeifundisha mashine kuwasaka watu walioshindwa kujizuia, na mwalimu wake nilikuwa mimi.

Kwa hiyo usihesabu ukubwa wa fedha. Hesabu mtu aliyeweka pesa kwa mara ya kwanza, mara moja tu, kisha angalia kama baada ya mwezi bado anacheza kwa dau dogo lile lile. Gharama kwa kila mteja itapanda kidogo, nawe utalazimika kuitetea kwenye kikao. Itetee. Zima matangazo saa sita usiku. Futa maneno kama "badilisha maisha yako" hata kama ndiyo yanayobofywa zaidi. Umri uanzie 18, na kurasa za wanafunzi ziondoe kabisa.

Kila Jumatatu naomba kwa kila kampuni orodha ya namba za simu za watu walioomba wenyewe wafungiwe kubeti, tuziondoe kwenye matangazo na kwenye SMS za ofa. Kampuni mbili zilinipa siku hiyo hiyo. Ya tatu ilichukua miezi miwili. Ya nne ilikataa, na matangazo yake sasa yanaendeshwa na mtu mwingine.