Wiki mbili kabla ya mita 50: punguza mita, kasi usiiguse

Mashindano makubwa ya Dar es Salaam yakikaribia, waogeleaji wengi wa Arusha na Moshi hujikamua mpaka siku ya safari, au hukimbia bwawa wiki nzima eti wapumzike. Yote mawili yanakula sekunde.

Kinachopunguzwa ni mita. Anayeogelea 4,000 kwa zoezi ashuke hadi 2,800 hivi wiki ya kwanza, 1,800 wiki ya pili, na siku mbili za mwisho zisizidi 1,000 kwa siku. Siku za mazoezi zibaki karibu zilezile, maana mkono usioguswa na maji siku tatu huanza kuteleza badala ya kuyashika.

Kasi ni ileile ya mashindano. Zoezi zuri zikibaki siku nane: miruko minne kutoka kwenye kibao cha kuanzia, kila mmoja ukiogelea kwa kasi hadi mita 15, halafu mita 25 mara nne, ukipumzika dakika mbili hadi tatu kila baada ya moja. Kocha ashike saa na kuhesabu mipigo ya mikono. Muda ukiharibika mara mbili mfululizo, toka majini hata kama kazi iliyoandikwa haijaisha. Ukiendelea hapo unaufundisha mwili kuogelea polepole. Vyuma vizito, hasa vya miguu, viishe siku 10 hadi 14 kabla. Miguu ndiyo huchelewa kupona.

Katikati ya wiki ya kwanza mwili unaweza kuwa mzito na maji kama uji. Hapo ndipo watu huingiwa na hofu na kuongeza mita, wakati ni uchovu wa nyuma tu unaotoka. Vumilia.

Juni na Julai kuna jambo lingine. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na bwawa lisilopashwa moto huwa la baridi kweli. Pasha misuli nchi kavu dakika 15, na kati ya mruko na mruko vaa trakisuti. Usikae ukingoni umelowa ukipiga soga.

Safari ya basi ni ya siku nzima, kwa hiyo fika siku mbili kabla. Gari likisimama, shuka utembee. Kunywa maji: wengi hujinyima ili wasisumbue kuomba kuchimba dawa, wanashuka Dar vichwa vinauma. Beba ndizi, mkate na viazi vya kuchemsha. Chipsi za njiani ziache kwa wasioshindana. Kesho yake ogelea mita 800 taratibu na uruke mara mbili, ukijue kibao na ukuta wa pale.

Siku yenyewe, maliza kupasha misuli majini dakika 20 hadi 30 kabla ya kuitwa, badili nguo iliyolowa, ujifunike. Ukiwa na mchujo asubuhi na fainali jioni, ogelea mita 300 za polepole mara tu baada ya mchujo, ndipo ule.