Muulize Shangazi: Nyumba ya magurudumu, bahari mkono wa kushoto

Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tumenunua Hiace iliyokuwa daladala. Tumeng'oa viti, fundi wa Keko ametutengenezea kitanda chenye droo chini, tuna mtungi wa gesi wa kilo 6, sola juu ya paa na feni. Mwezi wa tisa tuna likizo ya siku 8. Mwenzangu anataka tupande Tanga kwanza, kisha tushuke pwani yote mpaka Mtwara, tukilala ufukweni popote giza litakapotukuta. Mimi naogopa kulala mahali tusipojulikana. Halafu tukiwa barabarani siku nzima tunagombana, maana akishika usukani hataki kusimama. Utushauri. – Msomaji, Tabata

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa gari. Barua yako nilimsomea mzee wangu, aliyeendesha mabasi ya kusini tangu enzi za kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa pale Rufiji halijafunguliwa mwaka 2003. Tumekubaliana jibu kabla hata chai haijapoa: Tanga iacheni mwaka huu.

Piga hesabu mwenyewe. Dar es Salaam kwenda Tanga na kurudi, kisha Mtwara na kurudi, ni zaidi ya kilomita 1,800. Barabara ya kusini inapita katikati ya vijiji vingi, na kila kijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa, tochi za trafiki zikiwasubiri. Mkienda hivyo mtaona lami siku 8, na bahari mtaisikia tu kwa mbali. Nendeni kusini peke yake. Kilwa mlale siku tatu, Mikindani siku mbili, na wakati wa kurudi Lindi siku moja na Kilwa Kivinje siku moja. Hapo mtakuwa mmetembea.

Mwezi wa tisa mmechagua vizuri. Mvua za masika zimeshapita muda mrefu, vuli haijaanza, na upepo wa kusi umepungua ukali wa Julai, ule unaotia mchanga kwenye sahani. Msikubali kusogeza likizo mpaka Aprili au Mei. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, magari yakakwama pande zote mbili.

Sasa suala la kulala, ambalo ndilo linalokutia hofu, na hofu yako ina msingi. Ufukwe unaouona mtupu saa 11 jioni una wenyewe. Asubuhi hapo ni diko, mashua zinaingia, akina mama wanakuja kununua samaki, watoto wanapita kwenda shule. Mkiegesha kimyakimya usiku, kijiji kizima kitajiuliza ninyi ni nani. Kwa hiyo fikeni jua lingali juu, muulizeni mtu wa kwanza nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, mkajitambulishe. Semeni mmetoka wapi, mnakwenda wapi, mnaomba kulala usiku mmoja. Atawaonyesha mahali, na mara nyingi atamwambia kijana wa jirani awaangalieni. Huyo kijana asubuhi mpeni chochote. Mji mkubwa kama Kilwa Masoko au Mtwara, tafuteni nyumba ya wageni yenye uwanja, mlipe kiasi mtakachokubaliana mpate kuegesha ndani, kuoga na kutumia choo. Mwambie mwenzako kwamba choo safi kwa siku 8 si anasa kwa mwanamke, na hilo asibishane nalo.

Mkisha kuonyeshwa mahali, kazi ya kutazama bahari ni yenu. Pwani yetu maji hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Na siku hizo maji hujaa kama saa 10 alfajiri, wakati mko kwenye usingizi mzito kabisa. Jioni mkifika, maji yakiwa yameanza kupwa, ufukwe utaonekana mpana na mgumu, mtatamani kusogea. Msisogee. Tafuteni mstari wa mwani mkavu na vijiti ulioachwa na bamvua, muegeshe juu yake kwa hatua nyingi. Msiegeshe chini ya mnazi: nazi kavu ikianguka inatoboa kioo na inaweza kuua mtu. Kivuli cha mvinje kinatosha. Kaeni mbali na mikoko pia, kwa sababu ya mbu na usubi. Usubi unapita hata kwenye tundu la chandarua.

Mzee anasisitiza niandike hili. Hiace ina mlango wa kusukuma upande wa kushoto. Mkiegesha pua ikitazama kaskazini, mlango huo unaelekea bara, mnapika hapo bila upepo kuzima gesi. Madirisha ya kulia yanatazama bahari, na mlango wa nyuma unapokea kusi, kwa hiyo ufungueni na mtundike wavu. Usiku mtalala kwa ubaridi bila kumaliza betri kwa feni. Gesi pikeni mlango ukiwa wazi, na mtungi ufungwe kabla ya kulala. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata likiwa limebaki majivu yenye moto kidogo. Hewa yake haina harufu wala haionekani, na inaua watu waliolala.

Kilwa nakuombea uione vizuri, ndiyo maana nimekupa siku tatu. Ondokeni Dar alfajiri, mpite Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, mvuke Rufiji, na Nangurukuru mkunje kushoto. Kesho yake gari liacheni Masoko, mkachukue kibali ofisini, mvuke kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, penye magofu ya mji wa kale. Pale pana Msikiti Mkuu wenye kuba za matumbawe, na Husuni Kubwa, kasri la sultani lililojengwa juu ya mwamba katika karne ya 14. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331 akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara. Chukueni mwongozaji wa hapo hapo kisiwani. Mimi huona uchungu vijana wetu wanapojua majumba ya Ulaya kwa picha na Kilwa hawajaikanyaga, hali nauli ya mashua ni ndogo kuliko ya vinywaji vya jioni moja mjini.

Lindi msipite mbio: teremkeni ufukweni jioni mle pweza. Mikindani ni mji mdogo uliokaa kwenye ghuba ya mviringo, una boma la Kijerumani la mwaka 1895, na nyumba za mawe ambazo nyingine zimebaki kuta tu. Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Kutoka hapo nendeni Msimbati asubuhi na mrudi jioni. Ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, kuna kiingilio, na mwisho wa njia ni mchanga. Mkitaka kusogea zaidi kuelekea mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, ulizeni kwanza polisi Mtwara hali ikoje.

Kuhusu ugomvi. Mwanangu, nimekaa kiti cha pembeni miaka mingi. Dereva akiwa ndiye mwenye usukani na ndiye mwenye ratiba, huyo wa pembeni anageuka mzigo, na mzigo haufurahii safari. Gawaneni. Yeye aendeshe, wewe uwe na mamlaka ya vituo: ukisema simama, gari linasimama, bila kuulizwa sababu. Na muwekeane sharti kwamba baada ya chakula cha mchana hakuna kuongeza mji mwingine. Saa 10 na nusu jioni injini iwe imezimwa. Usiku barabara ya kusini ina malori, mengine ya makaa ya mawe yanayokwenda bandari ya Mtwara, na baadhi huharibika katikati ya lami bila taa. Kama unajua kuendesha, shika usukani asubuhi barabara ikiwa tupu, yeye atazame bahari. Huenda akaanza mwenyewe kuomba kusimama.

Na mchukue kanga na msuli. Miji hii ni ya watu wa heshima. Nguo za kuogelea zibaki majini.

Shangazi, sisi tuko Tanga na tuna Noah. Tunaweza kufika Bagamoyo kwa kupita Pangani na Saadani, na kulala hifadhini? – Wawili wa Chumbageni

Mnaweza wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa Saadani unashika matairi na Noah iko chini. Simameni Tongoni muone makaburi ya kale yenye minara, halafu Pangani muulize kama mnavuka mto kwenda Bweni kwa kivuko au kwa daraja jipya lililokuwa likijengwa. Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini iliyopakana na Bahari ya Hindi, na kulala ni kwenye kambi zilizotengwa tu, kwa kulipia getini. Giza likiingia gari halitembei, na chakula msikiache nje, kwa sababu ya nyani na fisi.

Gari letu lilizama mchangani tukiwa na wageni, tukahangaika sana. Tufanye nini siku nyingine? – Baba watoto, Kigamboni

Ukihisi gari linazama, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Kila unavyokanyaga ndivyo tairi linavyochimba. Wote washuke. Toeni upepo matairi yote manne mpaka kipimo kisome kama 18 psi, mfukue mchanga mbele ya magurudumu, mtandike makuti au mikeka, kisha utoke taratibu kwa gia ndogo bila kukata kona. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari ni lazima, kwa sababu huwezi kurudi kwenye lami na upepo huo. Angalia saa ya maji kabla ya kitu kingine chochote: kama yanajaa, msijaribu peke yenu, kimbilieni kijijini mkaombe watu. Vijana wakiwasukuma, walipeni vizuri na bila kubishana bei. Mkifika nyumbani, osheni chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, hasa mabomba ya breki, maana chumvi haingoji wiki.