Jibu: Besi ya spika za paneli imelala? Usinunue amplifaya, tafuta futi ya kupimia

Mkuu, funga hiyo pochi kwanza. Unasema una Magnepan LRS, zile spika bapa zenye utando mwembamba badala ya koni, besi imelala, na kuna mtu kakushauri uuze amplifaya yako uchukue ya wati 300. Ushauri huohuo niliuziwa mimi. Mwenye duka alinitazama kwa uso mkavu kabisa: "Paneli zinakula umeme, kaka. Zipe umeme, besi itaamka yenyewe." Nikauza amplifaya yangu isiyo na kosa, nikaongezea hela ya kununulia bodaboda, nikaleta nyumbani dude ambalo vijana wawili walilipandisha ngazi huku wakinilaani.

Besi ikaamka? Thubutu! Kilichoongezeka ni kelele. Nikipandisha sauti ili kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, ipige kifuani, utando ukawa unajigonga ndani, pa-pa-pa. Nikampigia simu. Akasema tatizo ni nyaya, na kwa bahati nzuri anazo. Nikimkuta huyo kwenye daladala nashuka kituo kinachofuata.

Kinachoniuma ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Paneli hizi ni ohmu 4, yaani zinavuta umeme mwingi, na sauti zinayotoa kwa umeme huo ni ndogo, desibeli 86 tu, kwa hiyo amplifaya dhaifu haiziwezi. Ila yako wewe, kwa namba ulizoweka, inatosha. Tatizo lako liko kwenye picha uliyotuma: spika ziko kama sentimita 40 kutoka ukutani, zimejificha nyuma ya pazia. Ndipo zilipokuwa zangu.

Spika hizi hazina boksi. Utando ukisukuma hewa mbele, nyuma unaivuta. Yale mawimbi ya nyuma yanapiga ukuta na kurudi yakiwa kinyume na ya mbele. Ukiziweka sentimita 40, yanasaidiana vizuri kwenye 214 Hz hivi (mitetemo 214 kwa sekunde; namba ikishuka, sauti inakuwa nzito zaidi), na kadiri unavyoshuka chini ya hapo ndivyo yanavyofutana. Gitaa la besi na kiki viko hukohuko chini. Zivute mpaka mita 1.2, na pale pa kusaidiana panashuka hadi kama 71 Hz. Chukua 343, mita ambazo sauti inakwenda kwa sekunde, gawa kwa umbali wa ukuta kwa mita uliozidishwa kwa nne. Bure, hakuna risiti.

Mimi nilibandika utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni, nikawa nasogeza kiganja kwa kiganja huku narudia rumba ileile. Kuna alama nilipofika gitaa la besi likaanza kutembea, kila noti inaanza na inakoma, si ule mvumo wa kuunganika. Mama watoto akauliza kama sebule ni ya watu au ya spika. Swali zuri, bado sijalijibu. Lile dude nimebaki nalo. Kwa joto la Dar, soksi zinakauka juu yake chap.

Kwa hiyo mita moja na ushee toka ukutani kwanza, halafu ndiyo tuzungumzie kununua. Hata sabufa. Ukiileta leo itafunika tu hilo shimo la besi, na muuzaji atakwambia uongeze ya pili.

Ulikuwa umeuliza pia habari za kapeti na nini kingine? Acha kwanza. Leo usiku zivute, pima, weka namba hapa. Na hilo pazia litoe.