Mimi, bamvua na neno "consequently"

Juzi kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Kaka, nimeambiwa 'so' ni neno la watoto. Nna intavyu ya hoteli wiki ijayo, niseme 'therefore' ili nionekane nimesoma?" Yote mawili ni "kwa hivyo" ya Kiingereza. Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka, maana huyo ni mimi wa miaka kumi nyuma.

Nilikuwa nimeajiriwa mapokezi, hoteli moja ya Paje, Unguja. Cheti nnacho, daftari la maneno mazito nnalo. Anayeijua Paje anajua maji yakikupwa yanavyokwenda mbali, unabaki mchanga na kina mama wa mwani. Siku hiyo ilikuwa bamvua, siku maji yanapokupwa mbali zaidi. Akaja mgeni, mama wa makamo, taulo begani, anauliza bahari imekwenda wapi. Nikajiweka sawa, nikamwambia: "The tide has gone out. Consequently, you cannot swim."

Akanitazama kama niliyemsomea hukumu. Mumewe alicheka mpaka akakaa chini. Siku nne walizobakia, yule bwana kila akipita mapokezi: "Consequently!" Jikoni nako wakalidaka. Yuko mpishi hadi leo akinipigia simu ananiita Konsi, na mie naitikia, nifanyeje.

Kinachoniuma ni kwamba kwa Kiswahili kipimo nilikuwa nacho. Barazani unasema "maji yamekupwa, kwa hivyo hatwendi", basi. Ukileta "hivyo basi, kutokana na hali hiyo" watakuuliza kama una homa. Yule mama alihitaji hivi tu: "The tide's out, so you can't swim just yet." Halafu umwambie saa ya kurudi.

Nikaapa sitogusa tena neno zito. Hapo nikaharibu upande wa pili. Nilipofanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, insha ile ya maneno 250 kwa dakika 40, nilijaza "so" na "that's why" kila mstari. Kuzungumza nilipita vizuri, kuandika nikapata 5.5, na nilikotaka kwenda kusoma wanataka 6.5. Mwalimu aliyenisaidia baadaye alinirudishia insha ya mazoezi kaizungushia duara kila "so", akasema: hii ni sauti ya WhatsApp, si insha.

Basi nisikilizeni, maana mimi nimelipia. "So" iacheni mdomoni na kwenye meseji, inakaa baada ya mkato na haina makuu. "Therefore" ni ya barua, ripoti na insha, na haiungi sentensi mbili kwa mkato peke yake: tangulizeni nukta au nukta mkato. Kosa hilo naliona kila siku, hata kwa waliomaliza chuo. "Hence" inaweza kubeba jina (nomino) tu, bila kitendo: "The houses are built of coral stone, hence the name Stone Town." Jaribu kuweka "so" hapo uone inavyopwaya. "As a result" inasimama peke yake, lakini ukiongeza "of" lazima ifuatwe na jina.

Na vijana wenzangu, tuache kuvaa joho la harusi kwenda sokoni Darajani. Mtu hakuoni msomi kwa sababu ya neno refu. Mgeni anataka kuelewa, bosi anataka mgeni aelewe. Wala insha haiokolewi na "therefore" kumi kama sababu yenyewe haizai hayo matokeo, maana msahihishaji naye anajua viungo vilivyobandikwa tu. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, nisameheni.

Kijana wa Wete nikamjibu: kwenye intavyu sema "so", kwenye barua ya maombi tia "therefore" moja. Jana usiku kanitumia barua yake niipitie. Mistari tisa, "therefore" tano. Nimefuta nne.