Arobaini ya Baba: Tuseme Vita au Tuseme Mtu?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Baba yetu ametangulia mbele ya haki mwezi uliopita, hapa Ngamiani, Tanga. Alipigana vita vya Kagera. Kwenye arobaini kaka zangu wanataka isomwe habari ya vita tu. Mimi namkumbuka akituamsha alfajiri kwa kugonga kopo la udhu mlangoni, mara tatu. Nifanyeje?
Binti wa Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Kaka zako hawajakosea. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, na vijana wa rika la baba yako ndio waliokwenda. Kampala ilitekwa Aprili 1979. Hayo yasemwe, dakika mbili zinatosha.

Halafu lisemwe kopo. Kama unaona haya, liandike, mjomba wako alisome upande wa wanaume. Marehemu mume wangu naye alirudi kutoka huko. Vita alinisimulia mara moja tu, tena habari ya matope. Medali yake aliitia kwenye mkebe wangu wa vifungo (nilikuwa nikiipata kila nikitafuta sindano), lakini viatu vyake vililala chini ya kitanda, ncha zikitazama mlango, mpaka anazikwa. Wanangu wakimtaja baba yao, huanza na hivyo viatu.

Na kabla ya hitima, mtume kaka mmoja dukani kwa jirani akaulize kama mzee ameacha deni.