Dawa za sonona kwa mwenye kifafa: nilichokiona kwenye kalenda yangu

Mkuu, umeuliza kuhusu dada yako wa Makambako. Anatumia kabamazepini, dawa ya kifafa, mwaka wa tisa huu, sasa dokta wa afya ya akili amemwandikia fluoksetini kwa ajili ya sonona, na kwenye karatasi ya ndani ya boksi mmekuta imeandikwa mwenye kifafa awe mwangalifu. Unauliza ameze au atupe. Mimi si daktari, ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Ila kifafa ninacho tangu darasa la sita, na karatasi kama hiyo ilinitia woga nikakaa miezi saba bila kugusa vidonge vya sonona nilivyoandikiwa.

Hiyo miezi saba ilikuwa hivi. Desemba, wakati mafundi tunavuna, nilipokea vitambaa vya sare za shule. Nikakata suruali kumi na mbili, nikazipanga juu ya cherehani, zikaishia hapo. Usiku saa tisa macho makavu, nasikiliza mvua kwenye bati mpaka kunakucha. Asubuhi nakaa kwenye kiti, mguu uko kwenye pedeli, hauendi. Mteja akija nasema kesho. Kuna mama alinijia mara nne, ya tano akabeba vitambaa vyake vipande vipande hivyo hivyo. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma.

Nyuma ya cherehani nina kalenda. Sista wa kliniki alinifundisha zamani: ukianguka weka msalaba, ukikosa dozi weka duara. Kabla ya sonona nilikuwa na msalaba mmoja kila miezi miwili au mitatu. Miezi ile saba ilikuwa na misalaba kumi na moja. Nikajua kifafa kimechachamaa, basi. Siku niliyoibeba kalenda kwenda nayo kliniki, dokta akaiacha misalaba akaanza kuhesabu miduara. Karibu kila msalaba ulikuwa na miduara miwili mitatu kabla yake, na ile ambayo haikuwa nayo, nilipokumbuka vizuri, ilikuja baada ya usiku wa kukesha. Mtu asiyeona sababu ya kuamka atakumbukaje fenobabitoni, dawa yangu ya kifafa, ya saa mbili usiku? Nilikwepa kidonge nisije nikaanguka, na huku nikawa naanguka kuliko wakati wowote tangu niwe mtu mzima.

Karatasi haidanganyi, lakini inazisema dawa zote kwa lugha moja ilhali dawa zenyewe hazilingani. Ipo bupropioni: hiyo mwenye kifafa hapewi kabisa. Klomipramini nayo inaogopwa, na amitriptilini kwa dozi kubwa inashusha kizingiti, yaani ubongo unawahi kuwaka na mtu kuanguka. Kundi la fluoksetini, sertralini na sitalopramu, kwa dozi za kawaida, hatari yake ni ndogo, na ndilo madaktari wanaloanza nalo kwa watu kama sisi. Mwaka 2007 walichapisha uchambuzi wa majaribio ya dawa hizi yaliyopelekwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, watu zaidi ya 75,000. Kwa dawa nyingi za sonona, waliozimeza walipata degedege kidogo kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Bupropioni na klomipramini hazimo kwenye habari hiyo njema. Na tuwe wakweli, wale walikuwa wagonjwa wa sonona, si wa kifafa, kwa hiyo mimi siichukui kama ruhusa. Ila inaonyesha kwamba sonona yenyewe, bila dawa, haiuachi ubongo salama.

Amitriptilini naijua kwa shida. Kabla ya yote haya nilikwenda sehemu moja kulalamika sipati usingizi, nikapewa bila kuulizwa kama nina ugonjwa mwingine. Na mimi sikusema, maana kwenye benchi tulikaa watu sita, na ukitaja kifafa huku kwetu bado watu wanasogeza viti. Nilipozidisha mwenyewe kutoka kidonge kimoja hadi vitatu nilianguka mara mbili ndani ya wiki. Siwezi kuapa kwamba ni ile dawa, maana nilikuwa nimechoka sana pia. Lakini sikuirudia.

Jambo la dada yako ambalo ningelitazama zaidi ni hizo dawa mbili kukutana mwilini. Fluoksetini inaweza kulichelewesha ini kuisafisha kabamazepini, ikajaa kwenye damu. Akianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba kama mlevi au kusinzia mchana, msiseme ni sonona, mrudisheni kliniki haraka. Kwangu ilikuwa kinyume. Dokta alinihamisha polepole kutoka fenobabitoni (ambayo yenyewe inaweza kumshusha mtu moyo, sikuwa najua) kwenda kabamazepini, ndipo akaniongezea sertralini. Kabamazepini inalikimbiza ini, sertralini inaisha mapema. Nilianza na nusu kidonge, miligramu 25, nakata kwa wembe wa kufumulia nguo, na ilibidi tupande hadi 100 ndipo mguu ukarudi kwenye pedeli. Ilichukua wiki sita hivi. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa na wasiwasi na kichefuchefu, nusura niache.

Jingine ni chumvi ya damu. Kabamazepini inaishusha, na dawa hizi za sonona nazo zinaishusha. Ikishuka sana, kichwa kinauma, mtu anachanganyikiwa, na hapo kifafa kinaweza kuja kwa sababu ya chumvi tu. Muulizeni dokta kuhusu kipimo cha sodiamu, hasa kama dada ni mtu mzima kiumri.

Halafu mambo ambayo karatasi ya boksi haitawaambia kwa Kiswahili cha Makambako. Tramadoli ya maumivu ya mgongo, ile watu wanayopeana kama pipi, inaleta degedege yenyewe, na ikikutana na fluoksetini ni balaa zaidi. Ulanzi nao, ile pombe ya mianzi. Najua masika yakifika huko kwenu kila nyumba ina mbeta ya ulanzi, lakini pombe na kukosa usingizi kwa pamoja vimeniangusha mimi kuliko kidonge chochote.

Jibu langu basi: asitupe, na asianze kwa siri. Arudi kwa aliyemwandikia, abebe maboksi yote kwenye mfuko, hata ya mitishamba, aulize wataanza na dozi gani na atarudi lini. Kabamazepini asiiache hata siku moja kupisha hiyo mpya, kuiacha ghafla ndiko kunakomlaza mtu wodini. Na wiki za mwanzo asikae peke yake. Mkimsikia anazungumzia kufa, au anagawa vitu vyake, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kalenda ya mwaka huu mpaka leo ina msalaba mmoja. Nilikwenda msibani Kyela, dawa nikazisahau juu ya friji. Ina miduara miwili kabla yake.