Sabufa Mbili, Amplifaya Moja: Wasomaji Wanauliza

SWALI: Ndugu mhariri, nimefunga sabufa mbili za inchi 12 kwenye buti la gari langu, na kila moja ina koili mbili (nyaya zilizoviringwa zinazosukuma koni) za omu 4, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Amplifaya ni ya chaneli moja. Imeandikwa wati 300 kwa omu 4, na wati 600 kwa omu 2, ambazo ndizo kiwango chake cha chini. Fundi aliunganisha chanya zote pamoja na hasi zote pamoja. Nikipiga muziki kwa sauti ndogo hakuna tatizo, lakini nikiongeza sauti taa nyekundu inawaka na amplifaya inazima. Fundi anasema ninunue betri kubwa. Je, ni kweli? *Msomaji, Morogoro.*

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo fedha ya betri iweke kwanza. Koili nne za omu 4 zikiungwa zote kwa sambamba, yaani chanya pamoja na hasi pamoja kama alivyofanya fundi wako, huwa mzigo wa omu 1, yaani nusu ya kiwango cha chini ambacho amplifaya yako imeruhusiwa kubeba. Ili kutoa wati 300 kwenye omu 4, amplifaya hutoa takriban volti 35, na mkondo unaopita ni karibu ampea 9. Kwa volti hizo hizo, mzigo wa omu 2 huvuta ampea 17, na wa omu 1 huvuta ampea 35, mkondo ambao transista zake hazikutengenezwa kuuhimili. Ndiyo maana ulinzi wa ndani unakata umeme. Sauti ikiwa ndogo volti huwa chache na mkondo huwa mdogo, kwa hiyo kosa halionekani mpaka uongeze. Nakusihi usiendelee kuiwasha tena na tena katika hali hiyo, kwa sababu ulinzi huo hauokoi amplifaya kila mara.

Mwambie fundi aunge koili mbili za kila sabufa kwa mfululizo: waya mfupi utoke hasi ya koili ya kwanza uingie chanya ya koili ya pili, kisha chanya na hasi zilizobaki ndizo zielekee kwenye amplifaya. Kila sabufa itakuwa na omu 8, na zote mbili zikiungwa kwa sambamba zitatoa omu 4. Awe mwangalifu asigeuze chanya na hasi katika sabufa moja, maana koni moja itasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi itapotea karibu yote. Kabla ya kufunga waya kwenye amplifaya, apime ncha zake kwa maltimita, kifaa cha kupimia umeme: atasoma pungufu kidogo ya 4, aghalabu kati ya 3.2 na 3.8, na hilo ni jambo la kawaida. Akisoma chini ya 1, muungo wa zamani bado upo.

Pengine utaambiwa kwamba sabufa hizo zinaweza kuungwa zifike omu 2 ili upate wati 600 kamili. Haiwezekani, ikiwa koili zote nne zitagawana mzigo sawa. Majibu ni omu 1, 4 au 16 tu. Wala usihuzunike kwa kubaki na wati 300, kwani kupunguza nguvu kwa nusu hushusha sauti kwa desibeli 3 tu, ilhali sikio huhitaji takriban desibeli 10 ili lihisi sauti imepungua kwa nusu. Isitoshe, kila koili itapokea wati 75, nayo haitapata joto la kuiunguza.

Kuhusu betri, dalili ya upungufu wa umeme ni taa za mbele kufifia kila besi inapopiga. Ukiiona hata baada ya marekebisho haya, anza kwa kukagua unene wa waya wa umeme na mahali waya wa hasi ulipofungwa kwenye bodi, ambapo rangi inapaswa kukwanguliwa hadi chuma kionekane.

SWALI: Amplifaya yangu ya chaneli mbili inakubali omu 2 kwa kila chaneli. Nimeibriji, yaani nimeunganisha chaneli zote mbili ziendeshe pamoja sabufa moja yenye koili moja ya omu 2, lakini inachemka sana. Kwa nini? *Msomaji, Tanga.*

JIBU: Ukibriji, kila chaneli hubeba mzigo kana kwamba ni nusu ya ulioandikwa kwenye sabufa, kwa hiyo zako zinahisi omu 1. Amplifaya ya namna hiyo ikibrijiwa hutaka omu 4 au zaidi. Koili ikiwa moja, hakuna muungo utakaoibadilisha. Tafuta sabufa ya omu 4, au acha kubriji na uiunge kwenye chaneli moja peke yake. Ukishauriwa kuongeza rezista ili omu zipande, kataa, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu uliyoinunua itaishia kuwa joto ndani ya rezista hiyo.